Siku Nilipopewa Kazi ya Kufunga Msafara

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tukio lolote linalokusanya mamia ya watu mahali pa kuanzia, wakiwa na kadi mikononi na viatu vilivyofungwa barabara, lazima limalizike kwa kumtangaza aliyetangulia. Ndiyo maana siku niliyojiunga na matembezi ya pamoja kwa mara ya kwanza nilizitembea kilomita 10 huku macho yangu yakiwa kwenye saa, nikawapita wazee, nikazipita familia zilizoongozana na watoto, na nilipofika mwisho, mama mmoja aliyeketi mezani aliigongea kadi yangu muhuri, kisha akaniuliza njia nimeionaje. Hakutaka kujua nimetumia muda gani, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekuwa akiuandika. Nilijaribu kukumbuka jambo lolote la kumweleza kuhusu njia ile, nikakosa.

Swali lake ndilo lililonirudisha mwezi uliofuata, na miezi mingine mingi tangu hapo.

Kwa asiyewahi kushiriki, utaratibu wenyewe ni huu. Waandaaji hupima njia mbili au tatu, mara nyingi za kilomita 5, 10 na 20, wakaziwekea mishale au tepe za rangi kwenye kila njia panda. Hakuna filimbi ya kuanza. Kuna kipindi cha kuondoka, tuseme kati ya saa moja na saa nne asubuhi, ambapo kila mtu huondoka akiwa tayari, na kuna saa ya kufunga ambayo wote wanapaswa kuwa wamerejea. Njiani kuna vituo vya maji ambako kadi hugongwa muhuri. Mpango huu wa kuondoka kwa nyakati tofauti unaweza kuonekana kuwa jambo dogo, lakini kwa maoni yangu ndio moyo wa shughuli nzima: unayemkuta njiani huenda aliondoka saa nzima kabla yako au dakika tano tu, nawe huna namna ya kujua, kwa hiyo kilichobaki ni kumsalimu na, hatua zenu zikilingana, kuzungumza naye.

Matembezi ya namna hii yalienea huko Ujerumani na nchi jirani katika miaka ya 1960, na mwaka 1968 vyama vya Ujerumani, Austria, Uswisi na Liechtenstein viliunda shirikisho la kimataifa katika mji wa Lindau, kando ya ziwa Konstanz. Wanachama wake hutunza vijitabu vya aina mbili, kimoja cha kuhesabia matembezi waliyoshiriki na kingine cha kuhesabia kilomita walizotembea. Mimi hukipenda zaidi kile cha kwanza, kwa sababu ndani yake kilomita 5 za mtoto wa miaka sita ni muhuri mmoja, na kilomita 42 za mtu mzima mwenye mazoezi nazo ni muhuri mmoja.

Yapo pia matembezi yanayodai nguvu kubwa. Yale ya siku nne ya Nijmegen, Uholanzi, yalianza mwaka 1909, na washiriki wake hutembea kilomita 30, 40 au 50 kila siku. Huko nako hakuna mshindi. Kila anayekamilisha siku zote nne hupata nishani ya msalaba, na siku ya mwisho watazamaji huwapa watembeaji maua ya gladiola. Mwaka 2006 joto kali lilisababisha vifo vya washiriki wawili siku ya kwanza, na siku zilizobaki zikafutwa. Huwa ninalikumbuka tukio hilo kila ninaposikia mtu akisema kwamba pasipo mashindano hapana hatari. Mwandaaji anayejua kazi yake huangalia hali ya hewa, huhesabu kadi zilizotoka na zilizorudi, na humweka mtu nyuma ya wote.

Mtu huyo hufunga msafara. Hutembea nyuma ya mshiriki wa mwisho, akiziondoa tepe na mishale kadiri anavyosonga, ili njia ibaki kama ilivyokutwa. Mwaka jana nilipewa kazi hiyo mimi, na nilielewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: alama za njia huondolewa baada ya mtu wa mwisho kupita, si kabla, hata akichukua asubuhi yote.

Wa mwisho siku hiyo walikuwa bibi mmoja mwenye mkongojo na mjukuu wake wa kike, katika njia ya kilomita 5. Nilikaa nyuma yao kwa umbali wa hatua chache, lakini hakukawia kunitambua.

“Mwanangu, tunakuchelewesha,” alisema akigeuka.

“Hapana, mama. Hakuna anayechelewa kabla ya saa ya kufunga, na saa hiyo bado iko mbali.”

Alinitazama kana kwamba anapima kama ninasema kwa adabu tu au kwa kweli, kisha akaendelea kwa mwendo wake uleule, na mimi nikashukuru kwamba hakuuongeza. Mjukuu alipoona ninafungua utepe kwenye tawi aliomba aufungue unaofuata, na tangu hapo kila alama ilikuwa yake. Bibi alisimama kila mara kumsubiri, na kila aliposimama aliona kitu: kiota kilichosukwa chini ya daraja, mchwa waliokuwa wakivuka njia, mti uliopasuliwa na radi ukachipua upande mmoja. Nilikuwa nimeipita njia hiyo mara tatu kabla, na kiota kile sikuwahi kukiona.

Tulifika mezani zikiwa zimebaki dakika ishirini. Mtoto aliweka fungu la tepe mbele ya mwandishi, bibi akatoa kadi yake, na swali likaulizwa kama kawaida: njia umeionaje? Bibi aliegemeza mkongojo wake mezani, akaanzia pale darajani, na mwandishi akauweka muhuri chini ili amsikilize.