Jinsi tulivyoanza kuwahudumia wazee kwa pamoja hapa Tanga

Ni nadra mzee kuja hospitali na ugonjwa mmoja. Huja na shinikizo la damu, kisukari, magoti yanayouma, mtoto wa jicho na usingizi wa mang'amung'amu, na kila tatizo lina kliniki yake, siku yake na daftari lake. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani katika jiji hili, na kwa miaka mingi nilimwona mzee kwa upande wangu tu, kwa kuwa ndivyo kazi ilivyopangwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na madirisha ya wazee yaliyofunguliwa hospitalini yamewapunguzia foleni; hata hivyo, dirisha halimkutanishi mfamasia na muuguzi.

Kilichonisukuma kutafuta utaratibu mwingine ni hali ya bibi mmoja wa Ngamiani aliyekuwa akianguka mara kwa mara. Alikuwa akitumia amlodipini ya presha, ambayo humvimbisha mtu miguu. Kwa uvimbe huo akaandikiwa kwingine dawa ya kukojoza. Dawa hiyo ikawa inamwamsha usiku kwenda chooni, na choo kiko uani, ng'ambo ya kizingiti chenye utelezi. Alipoanguka na kuumia akanunua diklofenaki dukani, dawa ambayo hupandisha presha, na presha ilipopanda akaongezewa amlodipini. Mfamasia alizijua dawa, muuguzi alijua habari ya kuamka usiku, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikijua kizingiti. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua yote, na hakuna aliyekuwa amezembea.

Wazo lenyewe si geni. Huko Uingereza, tangu mwaka 1935, daktari Marjory Warren aliwapima upya mamia ya wagonjwa waliokuwa wameachwa vitandani, akaonyesha kwamba wengi wangeweza kusimama na kurudi nyumbani iwapo wangeshughulikiwa na watu wa fani mbalimbali kwa pamoja. Mapitio ya tafiti 29 yaliyochapishwa mwaka 2017 nayo yalionyesha kwamba wazee waliolazwa na kupimwa kwa namna hiyo huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kuishi makwao miezi kadhaa baadaye.

Niliwaomba wakubwa wa hospitali chumba kwa alasiri moja ya kila wiki, ili watu wa fani hizi tukae kikao kimoja na kumwona mzee kwa pamoja. Sikuomba fedha, na nadhani ndiyo sababu nilikubaliwa upesi. Tulitengeneza karatasi moja kwa wote, na swali lake la kwanza ni hili: mzee mwenyewe anataka nini? Mmoja atasema anataka kutembea hadi msikitini, mwingine anataka tu alale. Kisha mfuko wa dawa humwagwa mezani, mitishamba ikiwemo, na mtaalamu wa fiziotherapia humwomba mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, tunamhesabu kuwa yumo katika hatari ya kuanguka.

Ugumu mkubwa ulikuwa heshima iliyopita kiasi. Daktari akishasema, mjadala umefungwa. Kwa hiyo tulikubaliana muuguzi ndiye aongoze kikao nami nizungumze mwisho, na kila uamuzi uandikwe pamoja na jina la atakayeutekeleza. Siku muuguzi mmoja aliponiambia, "Dokta, dawa hiyo hataimeza, maana mjukuu anayempa hurudi kazini usiku," nilijua kwamba timu imeanza kuwa timu.

Ramadhani ilituongezea mtu ambaye hayumo katika muundo wowote wa utumishi. Wazee wengine walikuwa wakifunga kwa kificho huku wakimeza glibenklamidi, dawa ambayo hukaa muda mrefu mwilini na kuweza kuishusha sukari hatari kabla ya magharibi. Sasa tunakutana nao mwezi wa Shaabani, wapo wanaobadilishiwa dawa, na shehe wa mtaani huwaeleza ruhusa ya mgonjwa na fidia yake. Maneno hayo yakitoka kwangu hayana uzito huo.

Pale ambapo dawa peke yake hazitoshi ndipo afisa ustawi wa jamii anapotufaa zaidi. Mkoa huu una wazee waliokuja ujanani kukata mkonge, manamba kutoka mbali, ambao wamezeeka bila ndugu wa karibu. Kwao kikao huanza na nani anapika, kabla hatujagusa presha. Baadhi tumewapatia majirani wa kuwatazama kwa zamu, na mhudumu wa mtaa hutuletea habari zao kila wiki. Kwa wanaoishi mashambani, upande wa Muheza na Pangani, bado tunategemea simu ya mtendaji wa kijiji.