Tafakari ya Juma: Maneno Yaliyofutwa

"Tazama, jinsi ilivyo vema, na kupendeza, ndugu wakae pamoja, kwa umoja." (Zaburi 133:1)

Wapendwa, juma hili tuketi mbele ya picha ya familia ya Charles Willson Peale, mchoraji wa Maryland, Marekani. Aliianza miaka ya mwanzo ya 1770, baada ya kusoma London kwa Benjamin West. Ni rangi ya mafuta juu ya turubai, upana wake wapita mita 2. Watu tisa wa familia wamebanana mezani penye matunda. Yaya wao, Peggy Durgan, amesimama nyuma. Hata picha ya umoja ina safu ya nyuma, na hilo tulione.

Tazama upande wa kushoto. Mdogo wake Peale, St. George, anamchora mama yao, aliyeketi upande wa pili na mjukuu. Charles, mwenye ufundi kuwazidi wote, ameinama na ubao wake wa rangi mkononi, anaangalia kazi ya mdogo wake. Kalamu hajamnyang'anya. Kwetu wakubwa wangapi huweza hivyo?

Hapo mwanzo aliandika ndani ya picha maneno ya Kilatini, Concordia Animae, yaani mapatano ya roho. Baadaye aliyaondoa, picha yenyewe ilikuwa imekwisha kusema. Tusome 1 Yohana 3:18: "tusipende kwa neno, wala kwa ulimi, bali kwa tendo na kweli."

Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka juani. Mafuta hushika hewa, yakaganda polepole. Ndiyo maana tabaka la chini hupewa mafuta machache, la juu mengi. Ukigeuza, la juu hukauka kwanza, la chini likiendelea kujikunja, na uso wa picha hupasuka. "Yameisha, tusahau" inayopakwa juu ya kidonda kibichi hupasuka vivyo hivyo, mara nyingi siku ya msiba au ya kugawa urithi. Kwa hiyo juma hili, kabla ya kumwambia nduguyo neno la amani, msikilize kwanza amalize lake.

Peale aliimaliza picha mwaka 1809, akiwa na miaka 68. St. George alikuwa amefariki 1778, Rachel, mke wa Peale, 1790, na mama yao 1791. Akawaacha wote mahali pao mezani, na mbele yao akamchora mbwa wa nyumbani, Argus, amelala.