Jezi ya Yanga imeniharibia samaki

Jamani, Jumamosi nilienda kwenye kale kabanda ka nailoni, kale wanakootesha miche halafu pembeni wameweka matanki manne ya samaki wa ziwani, anaingia yeyote, unasaini tu daftari. Nikabeba kamera yangu ya mtumba nikijua leo napiga picha mpaka basi. Nimetoka na picha sitini na kitu, za maana tano, na kosa ni langu mwenyewe, nilivaa jezi ya Yanga.

Iko hivi, ndani ya tanki kuna giza kuliko hapo ulipokaa wewe, kwa hiyo kioo kinakurudishia chochote chenye mwanga kilicho mbele yake. Kila samaki niliyempiga ana kifua changu cha njano mgongoni. Mzee anayetunza pale ni Simba wa damu, nilivyomwonyesha akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. "Mwanangu, mpaka samaki mmewasajili?" Akanipa koti lake jeusi la mvua, lina harufu ya mbolea hilo we acha tu, lakini njano ikaisha.

Flashi sahau, unapata duara jeupe katikati ya kioo basi. Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakivisha mdomo wa lenzi, nikaigandamiza kwenye kioo, mwanga wa pembeni hauingii na kioo hakikwaruziki. Ila ukae umekielekea kioo moja kwa moja, ukiipinda kamera upande samaki anavutika kama sura yako kwenye kijiko.

Sisi wa Kigoma samaki tunamjua akiwa kwenye beseni pale Kibirizi au kwenye sahani. Kumwangalia ubavuni akiwa hai mimi nimeanza ukubwani. Na ziwa letu la Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, ukoo mmoja mkubwa wa samaki, nyingi hazipo kwingine kokote duniani, hata kuhe tunayemla ni wa ukoo huohuo, yeye ndo jitu lao. Hawa wadogo ndo wanaopandishwa ndege kwenda Ulaya kufugwa sebuleni.

Aliyeniteka mimi ni duboisi, mmoja wa hao wadogo. Akiwa mtoto ni mweusi tii ana vidoa vyeupe mwili mzima, akikua vidoa vinafutika vyote, kichwa kinakuwa cha bluu na kiunoni anabaki na mkanda mmoja mpana. Sasa kulikuwa na mmoja yuko balehe, kichwa kimeshaanza ubluu, vidoa vimebaki mkiani tu, huyo nilimng'ang'ania saa nzima. Hatulii! Ukimfuata na kamera umekwisha. Mzee akasema usimfukuze, lenga jiwe. Kumbe wanakula ule utelezi wa kijani kwenye mawe na kila mmoja ana kona yake anairudia. Nikaweka fokasi kwenye jiwe, shata nikaiweka ya haraka, 1/250 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, nikaipandisha 1600, picha ina chengachenga kidogo lakini heri chenga kuliko samaki aliyefutika, nikatulia. Akaja akabandika midomo kwenye jiwe, tk tk tk, nikampata.

Mimea haikimbii kwa hiyo sina mengi. Nailoni inafanya kazi ya wingu, hata saa sita vivuli ni laini. Asubuhi tu lenzi ikitoka kwenye baridi inapata ukungu humo ndani, usifute, subiri ipate joto. Nimepiga miche ya michikichi, majani yake ya kwanza hayajachanika, nimemwonyesha jirani yangu anayeuza mawese miaka yote kasema ni mahindi. Na jani la gimbi lina tone la maji limekaa duara kama gololi, halilowanishi jani, ukisogea karibu unaona fito za paa zote zimejikunja humo ndani.

Wakati naondoka nikaona duboisi mkubwa mmoja amejibanza nyuma ya jiwe, mashavu yamevimba kama mtoto kaficha pipi. Nikajua anaumwa. Mzee akasema acha huyo, ana watoto mdomoni, anawabeba humo karibu wiki nne ndo anawaachia. Nimemwachia namba yangu. Kasema siku wakianza kutoka atanibipu, nimpigie mimi, yeye hana salio.