Raketi tumepata, uwanja ndo kizungumkuti

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 8, juzijuzi kaniganda, ami nataka kucheza tenisi. Nkacheka. Huku kwetu Jang'ombe mtoto akikwambia mpira unajua ni mpira upi. Kumbe kamuona Angella Okutoyi kwenye simu ya mamake, yule msichana wa Kenya aliechukua mashindano ya Wimbledon kule Uingereza 2022, dabo za vijana (wawili kwa wawili), basi nyumba hailaliki.

Ijumaa moja hana chuoni tukapanda daladala mpaka hoteli moja ya pwani yenye uwanja. Mlinzi hata geti hajafungua, wageni tu. Na mtoto kashika raketi ya mtumba ya mtu mzima, nzito, kila saa anabadilisha mkono. Tukarudi kimya, usiku nkanunua bando nkaanza kusoma.

Loh, nlikuwa nahangaikia kitu sicho! Uwanja kamili una mita 23.77, mtoto wa miaka 8 atafanya nao nini, na ule mpira wa njano ukidunda unampita kichwani. ITF, shirikisho la tenisi la dunia, wana mipira ya rangi: mwekundu kasi yake imepungua kwa asilimia 75, unachezwa kwenye kiwanja cha mita 11 kwa 5 na nusu, neti sentimita 80, halafu unakuja wa chungwa, kisha wa kijani ndo mtoto anaingia uwanja mzima. Tena tangu 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini mpira wa kawaida hauruhusiwi. Sasa mita 11 hapa Unguja zinakosekana wapi jamani, ua wa skuli tu unatosha.

Basi tukachora chaki, tukafunga kamba ya kuanikia nguo. Mipira myekundu sijaipata, tunatumia ya sponji, nayo inakubalika kwa wanaoanza. Raketi ya inchi 23 kaniletea mtu kwa boti kutoka Dar. Mamake wasiwasi wake ulikuwa nguo, nkamwambia shemeji suruali na mtandio wake anacheza vizuri tu, sketi fupi si sharti. Sasa hivi wanakuja watoto sita, na mie mwalimu wa kubahatisha najifunza usiku kwenye ITF Academy, mafunzo yao ya mtandaoni, kuna kozi za bure.

Klabu bado naitaka, maana kuna siku nitafika mwisho wa ninachokijua. Ila ukienda klabu yoyote usiulize bei kwanza, kaa pembeni utizame watoto wanavofundishwa. Ukiona wamepanga foleni kila mmoja anangoja apige mpira mmoja arudi nyuma, shika njia yako. Na uliza kama mipira ya rangi wanayo, wakikushangaa ushajibiwa.

Kama una raketi za watoto zimekaa tu uvunguni niandikie hapo chini, sita wanapokezana mbili na Ijumaa iliyopita walikaribia kupigana.