Kibao cha fa

Jana binti yangu aliniuliza: "Mama, nikitunga wimbo mwenyewe, nitajuaje nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu la haraka. Mawazo yalinirudisha chekechea nilikofundisha, kwa yule mtoto aliyekaa kila siku upande wa dirishani.

Wakati ule nilikuwa nachomoa vibao vya fa na ti, sauti mbili kati ya saba za do, re, mi, fa, so, la, ti, kwenye marimba za darasani. Mbinu hiyo niliipata kwa Carl Orff, mtunzi Mjerumani ambaye mwaka 1924 yeye na Dorothee Günther walianzisha shule ya muziki na miondoko mjini Munich. Zikibaki do, re, mi, so na la, mtoto apige zozote mbili kwa pamoja, hazigombani. Mwoga anapata ujasiri.

Yule mtoto wa dirishani hakuwa amegusa marimba muhula mzima. Siku hiyo, wenzake wakiwa kwenye kayamba na kelele zao, aligonga so. Akasubiri iishe kabisa. Akagonga mi. So, mi: sauti zilezile mbili ambazo watoto huitana nazo wakicheza. Nikavuta ngoma taratibu, nikarudia mapigo yake. Akaongeza: so-so, la, so, mi. Nikarudia tena, neno kwa neno. Hapo akashusha vijiti, akanitazama usoni.

"Mwalimu, usinifuate. Nijibu."

Nikajibu, mapigo mengine kabisa, mafupi, nikayakatiza njiani. Akacheka kwa sauti, akayamalizia yeye. Tukaendelea hivyo, mmoja anauliza, mwingine anajibu, hadi wenzake wakaacha kayamba na kuanza kupiga makofi kwenye kiitikio ambacho dakika chache kabla hakikuwepo duniani.

Siku ya wazazi ziliimbwa nyimbo zilezile za kila mwaka. Nilimwombea nafasi, nikaambiwa muda hautoshi. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu wazazi wangesikia watoto wao wakiwaza.

Kabla ya kufunga shule alinijia na kile kibao cha fa mkononi. Sijui alikitoa wapi. Akaomba akirudishe. Nikamruhusu. Akakigonga pamoja na mi, zikagombana vibaya, naye akarudia, akarudia, amekaza macho. Nilikuwa nimeviondoa vibao vile ili asiogope, na mpaka leo sijaamua ni lini hasa mtoto anapaswa kurudishiwa.