Hisa Mia za Kitangari

Mwaka 2008 serikali ilipoamua kuwauzia wananchi sehemu ya hisa zake za benki ya NMB, shilingi 600 kila moja, nilikuwa karani katika kampuni ya udalali wa hisa Dar es Salaam. Bosi akauliza nani anaijua Kusini. Mimi ni mtoto wa Lindi, nikajitokeza. Nilipakia fomu za kununulia hisa kwenye boksi nikapanda basi. Daraja la Mkapa lilishatuondolea adha ya kivuko cha Rufiji, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado hakina lami. Tulipofika Mtwara fomu za juu zilikuwa na rangi ya udongo.

Kutoka hapo nilipanda hadi Kitangari, wilayani Newala. Kwa mtu mwenye cha kuuza, wakati ule, Agosti, ulikuwa mbaya kabisa. Watu walikuwa shambani wanapulizia salfa mikorosho, na kila shilingi iliyokuwepo imeishia kwenye salfa hiyo. Hela ya korosho huonekana minada ikianza, kuanzia Oktoba. Waliopanga tarehe za ofa hawakuulizia msimu wa mkulima, na hadi leo naamini Kusini ingenunua zaidi ya vile kama wangeuliza.

Tulikutana kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Nikaeleza: hisa ni sehemu ya umiliki wa benki, ikipata faida unaweza kupata gawio, na bei sokoni hupanda na hushuka. Bibi mmoja aliyetoka shambani moja kwa moja, kanga yake ina unga wa njano wa salfa kwenye mikunjo, akanikatiza.

"Mjukuu wangu, hisa tunazijua. Za chama hiki ninazo. Ila tangu nizinunue sijamwona mtu aliyeuza zake. Hizi zako, nikitaka hela yangu nimwendee nani?"

"Zinauzwa sokoni Dar es Salaam, bibi. Unampa dalali maagizo, yeye anatafuta mnunuzi."

"Newala dalali yupo?"

"Hayupo, bibi."

"Mtwara je?"

"Hayupo."

Wapo waliocheka. Yeye hakucheka, na mimi nilimwelewa. Stakabadhi ghalani ilikuwa imeanza mkoani msimu uliotangulia tu: unakabidhi korosho, unapewa karatasi, unasubiri malipo. Mtu aliyepita hapo lazima aulize karatasi inageukaje kuwa hela. Wanaodhani mkulima wa korosho hajui soko hawajawahi kukaa naye siku ya mnada.

Nikaandika namba yangu ya simu kwenye karatasi nikampa. "Dalali wako ni mimi, bibi."

Alinunua hisa mia. Elfu sitini aliihesabu mara mbili, akanipa na kadi yake ya mpiga kura. Sahihi hakuwa nayo, akaweka dole gumba. Alama ikatoka nyeusi katikati na njano pembeni.

Novemba hisa zikaingia sokoni, bei ikapita ile 600. Baadaye akanipigia: mjukuu wake anaanza sekondari, anataka kuuza hamsini. Fomu ilisafiri na basi kwenda, ikasafiri na basi kurudi, na bei haikutusubiri. Hela aliipata, ila kwa kuchelewa. Ofisini nikaambiwa kamisheni ya hisa hamsini haifikii hata gharama ya kutuma bahasha, niachane na wateja wa namna hiyo. Maneno yale yaliniuma kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu ahadi ya pale ghalani niliitoa kwa mdomo wangu.

Kampuni yangu ilianzia hapo, ingawa leseni kutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilikuja miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshakusanya mtaji na watu wa kufanya nao kazi. Sasa mtu anaweza kuagiza hisa kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, na ni jambo jema sana. Hata hivyo meza ya kwanza niliyofungua nje ya Dar es Salaam ilikuwa Mtwara mjini. Mwenye hisa kumi anahudumiwa sawa na mwenye elfu kumi. Mikutano ya vijijini tunaifanya Novemba na Desemba, malipo ya korosho yakishatoka. Agosti hatumsumbui mtu.