Draisuti ya mtumba kutoka Kongowea

4 Mei

Nimeitoa chini kabisa ya rundo la makoti ya mvua pale soko la Kongowea. Muuzaji alikuwa akiinadi kama "ovaroli ya fundi". Tulivutana hadi shilingi 1,800. Kumbe ni draisuti, ile suti nzima wanayovaa wapiga kasia wa nchi za baridi: soksi zimeungwa humo humo, zipu nzito ya shaba imepita kifuani kutoka begani hadi kiunoni, na shingoni na mikononi kuna mpira mwembamba wa kubana maji yasipenye.

Mombasa haina kazi nayo. Bahari yetu ni ya vuguvugu hata kusi ikivuma. Lakini binamu yangu yuko Aberdeen na anapiga kayaki kwenye Bahari ya Kaskazini, ambako ukipinduka wakati wa baridi vidole hufa ganzi kabla hujajua kasia limekwenda wapi. Suti mpya huko ni mamia ya pauni. Nikamtumia picha, akajibu upesi: "Kaka, nichukulie! Na nakuomba, usiifue kwa sabuni ya unga."

5 Mei

Nimemwaga kikombe cha maji kwenye mkono wa suti. Yalitakiwa yajiviringe na kuteleza kama juu ya jani la jimbi. Badala yake yalisambaa, na kitambaa kikawa cheusi kama tambara la kupigia deki.

Jirani yangu, mzee aliyekuwa nahodha wa majahazi, alikuwa barazani akinitazama.

"Yavuja wapi, mwanangu?"

"Haivuji, mzee. Yalowa tu."

"Yalowa au yalewa?"

Kicheko kilipoisha nilimweleza, na niandike hapa pia kwa sababu ndilo jambo ambalo wengi hulikosea. Kitambaa hiki kina matabaka matatu: nailoni nje, kitambaa laini ndani, na katikati utando. Utando una vitundu ambavyo tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke wa jasho hupita. Kwa hiyo anayezuia bahari ni utando. Ile dawa ya juu ya nailoni kazi yake ni ndogo zaidi, kufukuza maji yasikae juu. Dawa ikiisha nailoni hulowa, maji hutanda juu ya utando, na mvuke hukosa njia ya kutokea. Jasho hugeuka maji humo ndani, mtu anatoka amelowa na baridi imemwingia, anaapa kwamba suti inavuja. Wengi hutupa suti nzima kwa sababu ya jasho lao wenyewe. Nadhani hii yangu ndiyo ilivyofika mtumbani.

Mzee alishauri sifa, yale mafuta ya papa. "Chombo twakipaka sifa juu na deheni chini, na maji hayapiti." Kwa mbao hana mpinzani. Lakini mafuta ya papa yangeziba kila kitundu cha utando, na ule mpira wa shingoni ni mpira wa asili, ukikutana na mafuta huoza. Bado harufu.

10 Mei

Kabla ya kugharamika nilitaka kujua kama kuna tundu la kweli. Nimeziba mikono kwa chupa za soda, shingo kwa mtungi wa plastiki, nikafunga zipu na kujaza upepo kwa pampu ya godoro kupitia pembeni mwa chupa moja. Suti ilisimama ukumbini kama mgeni asiye na kichwa, watoto wakakimbia. Nikapitisha povu la sabuni kwa brashi. Mapovu mawili tu, yote kwenye goti la kushoto, madogo kama ncha ya pini. Nimeyawekea alama kwa kalamu na kuyaziba kwa gundi ya viraka kutoka ndani.

Shingo ni habari nyingine. Mpira umenata kama ubani uliotafunwa, na ukishafika hapo hauponi. Binamu ataubadilisha kwake.

11 Mei

Hapa nimeharibu. Sabuni ya unga na dawa za kulainisha nguo huacha mabaki yanayopenda maji, kwa hiyo nilitumia sabuni maalumu ya nguo za aina hii, iliyokuja na basi la usiku kutoka Nairobi. Sawa. Lakini mfereji ulikuwa umekauka siku ya tatu, nikasuuza kwa maji ya kisima. Kisima chetu cha Tudor kina chumvi, kila mtu anajua, mimi pia najua. Ilipokauka, mishono yote ilikuwa na mistari myeupe. Chumvi huvuta unyevu. Nimeosha nguo halafu nikaipaka kitu kinachoita maji!

13 Mei

Mvua ya masika imenisaidia. Nimetega mapipa mawili chini ya bati na kusuuza upya kwa maji ya mvua, mara sita, mpaka maji ya mwisho yalipotoka bila povu hata dogo. Nimeianika kivulini. Jua la hapa lingeumaliza mpira.

15 Mei

Joto. Dawa ya zamani ikiwa bado ipo, chembe zake huwa zimelala tu kwa kusuguliwa na uchafu, na joto la wastani huzisimamisha tena. Mashine ya kukaushia haifai kwa sababu ya mpira. Dobi wa mtaani alijitolea pasi yake ya makaa. Nikamshukuru na kukimbia, nailoni huyeyuka. Nimetumia pasi ya umeme kwenye alama ya chini kabisa, kanga ikiwa katikati, bila kukaribia mpira wala zipu.

Mgongo na mapaja vimefufuka, maji yanakimbia. Mabega, makalio na pale mikanda ya jaketi la kujiokolea inaposugua, hakuna kitu. Dawa imekwishasuguliwa ikaondoka, na joto halisimamishi kisichokuwepo.

17 Mei

Nimepulizia dawa mpya juu ya kitambaa kikiwa bado na maji, nikangoja kidogo, nikafuta ziada kwa kitambaa chenye unyevu. Nimechagua ya kupulizia badala ya ile ya kuloweka, kwa sababu ndani nataka kitambaa kinywe jasho, kisilifukuze. Dawa yenyewe haina florini. Zile za zamani za florini zilikuwa kali zaidi, zilifukuza hata mafuta, lakini haziozi kwenye mazingira. PFOA, mojawapo ya kemikali za ukoo huo, iliingizwa mwaka 2019 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zisizooza. Hasara ya hizi mpya ni kwamba mafuta huzishinda. Nimemwandikia binamu: ukijipaka mafuta ya nazi, nawa kabla ya kuvaa.

Zipu nimeisugua kutu ya kijani kwa mswaki, kisha nta ya nyuki niliyoomba kwa fundi viatu.

18 Mei

Mizani ya jikoni. Kabla ya kazi yote nilikuwa nimepima: kavu kilo 1.84, na baada ya dakika 5 chini ya mpira wa bustani na kukung'utwa, kilo 2.31. Leo, dakika zile zile: kilo 1.92. Gramu 80 badala ya 470, na nyingi ziko kwenye mishono na viraka vya magoti.

24 Mei

Nimeivaa na kupiga kasia hori la Tudor kwa nusu saa. Nimetoka nimelowa chapa.

Nilikasirika mpaka nikakumbuka. Mvuke hutoka pale tu hewa ya ndani inapokuwa na mvuke mwingi kuliko ya nje. Aberdeen nje ni baridi na hewa ina mvuke kidogo, jasho lina pa kwenda. Mombasa mwezi wa tano hewa yenyewe ni supu. Kupumua kwa suti hakuwezi kupimwa hapa hata ikiwa mpya. Mzee aliniona nikikamua fulana ufukweni. "Sasa yavuja?" Nikamwambia ni mimi ninayevuja.

Nimeisuuza kwa maji ya mvua, nimepaka poda kwenye mpira wa mikononi, nimeiviringisha badala ya kuikunja ili zipu isivunjike meno. Itaondoka na mtu wa mtaani anayesafiri mwezi ujao. Dawa imebaki nusu chupa, na koti langu la kuvulia samaki usiku limeanza kulewa.